Siku Yangu ya Jembe

Jumamosi, Kuluba. Saa kumi na moja jioni.

Shajara yangu, mvua imeanza saa tisa na haijaacha. Si ile ya radi na makelele. Ni mvua ya kulowesha, inashuka polepole na kuzama ardhini bila kukimbilia bondeni. Nimekaa kibarazani, mkono wa kulia umelala mapajani ndani ya plasta yake chafu, naandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kushoto. Mnaosoma mkikuta makosa, kisameheni kidole.

Chini ya mvua hii kuna karanga zangu. Zimo ardhini tangu mchana.

Sikuzipanda mimi.

Wiki hii nimejifunza jambo ambalo mtu wa umri wangu alipaswa kulijua zamani, na nimeona aibu kiasi cha kutaka kulinyamazia. Lakini nilifungua ukurasa huu ili niwe na mahali pamoja pa kusema ukweli. Basi nauandika kabla sijajifariji mpaka ukapotea.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza, jina langu ni Poni, na watu wa Kuluba wananiita Sista. Wanadhani nilikuwa nesi. Sikuwa nesi. Nilikuwa mhudumu wa wodi, nilianzia hospitali ya Kuluva kisha nikahamia mjini Arua, miaka mingi ya kupiga deki, kumwaga mikojo ya wagonjwa na kuwaogesha wasioweza kuoga. Mume wangu alipofariki nikarudi kwetu, huku Kuluba, wilayani Koboko, Uganda. Siku ya tatu nilimfunga mtoto wa jirani kidonda cha mguu, na kidonda kilipopona nikawa Sista. Sikumsahihisha mtu. Jina lilinikaa vizuri.

Ukiniuliza ninaishi kwa ajili ya nini, sitafikiri mara mbili: kuhudumia watu. Nilijifunza kwa baba. Alikuwa katekista, mtu wa baiskeli moja na suruali mbili, na baiskeli ile ilibeba wagonjwa wengi zaidi kuliko ilivyombeba yeye. Alimkalisha mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, akaisukuma kwa miguu mpaka Koboko mjini. Nilipokuwa mdogo nilijiambia nitakuwa kama yeye, na kwa muda mrefu nimejiona nimekuwa.

Sasa nieleze kikundi chetu, maana bila kikundi hamtaelewa kitu.

Tuko wanawake saba. Ni kikundi cha jembe. Tunalima kwa zamu, leo kwako, kesho kutwa kwangu. Kuna Wakakwa kama mimi, Walugbara wawili walioolewa huku, Mama Furaha aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, Kongo, na Mama Esta aliyekimbia vita Sudani Kusini. Kwa hiyo tunasemezana kwa Kiswahili chetu hiki cha huku, ambacho walimu wa shule wakikisikia wanashika kichwa. Mwenyekiti ni Mama Furaha. Ana sauti ya kuitia ng'ombe, na mtu anayependa kumtania kuliko wote ni mimi.

Sheria zetu si nyingi. Kila mwanamke ana siku mbili kwa msimu, moja ya kupanda na moja ya kupalilia. Siku yako ikifika, wenzako sita wanakuja na majembe asubuhi na mapema. Wewe hushiki jembe. Unapika, unaleta maji, unaonyesha mpaka wa shamba. Anayeumwa haachwi nje, anachota maji au anachunga watoto wa wenzake. Na mwenye shida nje ya zamu anakwenda na jembe lake pale wenzake wanapolima, analilaza chini mbele yao na kusema shida yake. Mmoja akiliinua lile jembe, basi, amekubaliwa.

Mwaka jana, mvua za kwanza, upepo uling'oa paa la jiko la Mama Esta, na mbegu zake zilikuwa humo juu darini. Zililowa zote. Siku iliyofuata ilikuwa zamu yangu. Nikasimama katikati ya shamba la watu, nikatangaza kwamba siku yangu apewe Mama Esta, na mbegu zangu za karanga pia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Nilirudi nyumbani najiona.

Mpaka hapo sijutii. Paa lilikuwa limekwenda kweli.

Lakini msimu wa pili, wakati wa simsim, au ufuta kama mnavyouita wengine, hakuna upepo uliovuma. Hakuna aliyeniomba. Zamu yangu ilipofika nikasimama tena, nikasema siku yangu nampa Mama Esta. Kwa nini? Kidole changu kinasitasita kuandika. Kwa sababu nilivikumbuka vile vigelegele. Safari hii vilipigwa vichache, na Mama Esta mwenyewe hakupiga. Aliinama akawa anakwangua udongo kwenye jembe lake kwa kijiti. Nikadhani ni haya.

Na kuna habari ya bakuli.

Hapa kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Mama zetu walitufundisha hivyo sote, Wakakwa, Walugbara, na hata hao waliotoka mbali wana desturi hiyohiyo. Jirani akikuletea mboga, unaosha bakuli, unatia chochote ndani, unarudisha. Mama Esta ana bakuli moja la bati, la kijani, ukingo umebanduka rangi. Alikuwa akiniletea kunde zilizopikwa kwa simsim, kiasi cha kula mara moja. Mimi nilimrudishia maharage ya kununua, limejaa hadi kifuniko hakishuki. Akaleta bamia. Nikarudisha unga, juu yake nikaweka kipande cha sabuni. Akaleta viazi viwili. Nikarudisha sukari. Siku moja bakuli la kijani likaacha kuja, nami nikamwonea huruma, nikasema moyoni, masikini, hana tena cha kuleta.

Wakati huohuo shamba langu mwenyewe lilikuwa likimea magugu. Ni kipande cha ardhi ya baba, karibu na kijito. Kaka yangu Taban ndiye anayesimamia ardhi yetu, naye alinipa kipande hicho niliporudi, ingawa kwenye ukoo kulikuwa na minong'ono. Mwaka mzima nilikula mihogo ya nyuma ya nyumba, shamba likalala. Mwanzo wa mwaka huu Taban alikuja akakaa hapahapa nilipokaa. Hakuja kwa ukali. Aliniambia mwanawe mkubwa anataka kuoa na hana pa kulima, na wazee wanauliza kwa nini ardhi imelala wakati kijana yupo. Akasema likilala na mvua hizi pia, hataweza kunitetea tena.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Lile shamba, shajara yangu, ndilo linanifanya niwe mtu wa hapa. Likiondoka, ninabaki mgeni mzee nyumbani kwa kaka yangu.

Wiki tatu zilizopita nilianguka bombani. Nilikuwa nimebeba jerikani la maji ambalo hata halikuwa langu. Lilikuwa la bibi mmoja aliyekuwa amelibeba vizuri tu mwenyewe, nikamnyang'anya. Niliteleza kwenye matope, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Yule bibi akaokota jerikani lake, akaniinua, akanisindikiza nyumbani akiwa na maji yake kichwani. Mcheke tu. Hata mimi leo nimeweza kucheka.

Nikaenda Arua kufungwa plasta, nikakaa mtaa wa Oli kwa mdogo wangu Kiden. Ana chumba kimoja karibu na mto, anauza nyanya na samaki wakavu mbele ya mlango. Asubuhi ya kwanza alichemsha maji, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye bafu la mabati, akanivua nguo.

Mimi nimeogesha watu wasiohesabika. Wanaume wazima, akina mama waliotoka kujifungua, wazee walioniita mama yao. Ninajua unaanza na uso, unasuza kitambaa, unafuata shingo, unamfunika mgonjwa pale ulipokwisha kumwosha ili asione baridi. Basi nikaanza kumpangia Kiden kazi. Si hivyo. Anza huku. Kamua kwanza. Akaacha kitambaa kikaelea kwenye karai, akanitazama.

"Dada, nyamaza. Leo mgonjwa ni wewe."

Nililia na sabuni usoni, nikasingizia sabuni. Haikuwa maumivu. Nilichukia kuwa pale chini, kwenye kigoda, uchi, na yeye amesimama juu yangu. Kiden hakunifanyia baya lolote, alikuwa mpole kuliko nilivyowahi kuwa mimi wodini. Ndipo nikawaza: anayehudumia amesimama, na anayehudumiwa amelala. Kumbe miaka yote ile nilikuwa napenda na kule kusimama. Nilijua hilo kwa dakika moja ndani ya bafu la mabati, kisha nikajikausha na kulisahau.

Nilirudi Kuluba Jumamosi iliyopita. Jumatatu mvua ya kwanza ya maana ikanyesha.

Jumanne tulikutana uwanjani mwa kanisa kupanga zamu. Mama Furaha ana daftari la shule lenye picha ya twiga. Akasoma majina. Akasoma yote, akafunga daftari, akaliweka kwapani. Langu halikuwamo. Nikainua mkono wa kushoto nikamuuliza siku yangu ni lini.

Hakuwa na ubaya hata kidogo. Alishangaa tu.

"Siku yako? Weye Sista hauna siku. Weye ni mutu ya kupeana siku. Tulikuruka tu."

Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote.

Nilirudi nyumbani nikakaa nikilitazama shamba. Nikawaza kutafuta vibarua. Nikawaza kumwomba mtu mwenye ng'ombe wa kulimia, lakini kila mwenye ng'ombe wiki hii ana foleni ya watu. Nikawaza kumwambia Taban kwamba nimezeeka, ampe mwanawe, mimi nimeridhika. Nilifika mpaka hapo. Hata maneno niliyapanga, maneno mazuri, ya dada mkubwa anayejinyima kwa ajili ya kijana anayeoa. Nilijua Taban angeyasimulia kwa watu, na watu wangesema, jamani, Sista.

Niseme wazi. Nilikuwa tayari kulipoteza shamba la baba yangu kuliko kulaza jembe chini mbele ya wale wanawake.

Jumatano asubuhi Mama Esta akaja. Hakuwa na bakuli. Alikataa kiti, akakaa kwenye ngazi ya kibaraza, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu goti lake linamsumbua. Mama Esta si mtu wa maneno mengi. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akisema sentensi nne mfululizo.

"Sista, mimi hapana kuja kusalimia. Mimi iko na neno."

Nikamwambia aseme.

"Kule kambini mimi nakaa miaka mine. Kila kitu iko ya kupewa. Mahindi napewa, sabuni napewa, blanketi napewa. Unasimama laini, unaonyesha kadi, unachukua, unaenda. Mbaya? Hapana, mimi nashukuru, watoto walikula. Lakini miaka mine, hakuna mutu moja alikuja kuniambia, Mama Esta, kesho kuja unisaidie. Hakuna. Mimi natoka kule nakuja hapa sababu ya jembe. Hapa wanasema, Mama Esta, kesho iko kwa shamba ya fulani, usichelewe. Mama Furaha ananigombeza nikichelewa. Mimi nafurahi sana kugombezwa."

Akakanda goti. Nilidhani amemaliza.

"Sasa wewe unasimama mbele ya watu, unapeana mimi siku yako. Mara moja, sawa, upepo ilichukua jiko. Mara mbili? Mara mbili ya nini? Ile siku watu nalima kwangu, mimi iko jikoni nalia. Wewe ulinirudisha kwa laini, Sista. Na bakuli yangu. Mimi naleta kidogo, wewe unajaza. Naleta kidogo, wewe unajaza. Nikaacha. Mimi nitakushinda namna gani?"

Nilimwambia pole.

"Pole ni ya nini? Jembe yako iko wapi?"

Akasimama kwa shida, nami nikanyanyuka haraka kumshika mkono. Akautazama ule mkono wangu mpaka nikauondoa. Akashuka ngazi peke yake akaenda zake.

Sikufanya kazi yoyote siku ile. Nilimkumbuka baba, lakini si yule wa baiskeli ninayependa kuwasimulia watu. Nilimkumbuka baba akila. Maana hilo sijawahi kuliandika hapa. Baba alikula katika kila nyumba. Akishamfikisha mgonjwa na kurudi, ndugu za mgonjwa walimletea uji, naye aliketi akanywa wote na kulamba kibuyu. Walimpa yai, alilitia mfukoni. Kuna bibi mmoja kipofu aliyeishi na kuku mmoja. Kuku alipoangua, yule bibi akampa baba kifaranga, na baba akakipokea kwa mikono miwili, akaja nacho nyumbani kifuani mwa shati. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la sita na nilitaka kufa kwa aibu. Nilisema, baba yangu ana tamaa gani hii, hata kifaranga cha kipofu. Nikaapa kwamba mimi nitatoa na sitapokea.

Tangu siku ile kila mara yule bibi alipomsikia baba akipita njiani, alimwita kwa sauti kumuuliza hali ya kuku wake. Baba alisimamisha baiskeli kumjibu. Walizungumza kama watu wawili wenye mali pamoja.

Nimemwiga baba nusu tu. Nusu iliyonipendeza.

Alhamisi wenzangu walikuwa kwenye shamba la mmoja wa wale Walugbara. Nilichukua jembe langu kwa mkono wa kushoto. Njiani watu walinisalimia, Sista, unaenda kulima na mkono huo? Nilijibu tu habari za asubuhi. Nilipofika walikuwa wameinama wote watano, mwenye shamba yuko jikoni, mistari imefika katikati. Kulilaza jembe kwa mkono usiouzoea si kazi rahisi. Liliniponyoka, likaanguka na kugonga jiwe, na wote wakainuka kutazama.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na plasta ndani yake, na Taban, na mvua. Ikanipotea yote.

"Mimi naomba siku yangu," nikasema. "Shamba yangu italala."

Mama Furaha akajiegemeza kwenye jembe lake. Nilimwona anavyofurahia, mtundu yule.

"Rudia. Masikio yangu iko na udongo."

Nikarudia.

"Bamama, mumesikia? Sista iko na shida! Mimi nilifikiri huyu mutu hana mwili, ni roho tu inatembea na kutupa maharage."

Wakacheka sana, nami uso ukanichoma. Kisha kicheko kikaisha, na jembe langu bado liko chini. Hakuna aliyesogea. Huenda ulikuwa muda mfupi tu wa kuvuta pumzi, lakini nilipata nafasi ya kuwaza kwamba wakikataa itakuwa haki, na kwamba nitalazimika kuinama na kuliokota mbele yao kwa mkono huohuo wa kushoto.

Mama Esta alikuwa mwisho kabisa wa shamba, mstari wa upande wa barabara. Akaliacha jembe lake pale lilipo. Akaja taratibu na lile goti lake, akiruka mistari iliyokwisha kupandwa, mmoja baada ya mwingine. Akainama, akainua jembe langu, akautikisa mpini.

"Hii inalegea," akasema.

Akaupiga mpini kwenye jiwe mara mbili ili jembe lishike, akarudi nalo kwenye mstari wake, akaendelea kulima kwa jembe langu. Basi. Wengine nao wakainama. Mama Furaha akanipigia kelele kwamba kama sina mkono nina miguu, nichote maji.

Nikachota maji. Nilitembea na kindoo kidogo, safari sita, na kila mmoja wao alikunywa bila kusema asante, kama wanavyokunywa maji ya yeyote. Nilifurahi kupita kiasi.

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu.

Walifika umande haujakauka. Nilikuwa nimepanga nitapika kwa mkono mmoja, sheria ni sheria. Mama Furaha akaniangalia nikimenya muhogo nikiwa nimeubana kwa magoti, akaninyang'anya kisu na kuwatuma wawili jikoni kwangu. Wamepanga sufuria zangu wanavyotaka wao. Wamegundua ninapoficha sukari. Mimi nikawekwa kwenye kigoda ukingoni mwa shamba, nikaambiwa nionyeshe mpaka na nikae.

Kukaa! Nilinyanyuka kuondoa jiwe. Kaa. Nilinyanyuka kuwapelekea maji. Kaa. Mistari yao ilikuwa inapinda, tena wanapanda karibukaribu kuliko ninavyopenda, nikafungua mdomo, na Mama Furaha hata hakugeuka.

"Sista, funga. Karanga haina macho, itaota tu."

Nikafunga.

Mbegu nyingine nilikuwa nazo, lakini hazikutosha. Mama Esta alikuja na lile bakuli la kijani, limejaa karanga zilizochambuliwa, nyekundu, hakuna iliyovunjika. Aliniwekea magotini niziangalie.

"Hii ni ya ile siku yako," akasema. "Ile ya kwanza. Mimi niliweka mbegu."

Nilitaka kusema kwamba hakuwa na haja, kwamba angeziweka kwa ajili ya watoto. Maneno yalifika hapa kwenye meno. Nikasema, "Asante, Mama Esta. Zilikuwa zinapungua." Na ilikuwa kweli, zilikuwa zinapungua.

Saa sita chakula kikaja, ugali wa muhogo na mtama, kunde za simsim. Kwa kawaida mwenye shamba anakula mwisho. Mama Esta alinitilia mimi kwanza, akanimwagia maji kwenye mkono wa kushoto, akausugua kwa sabuni katikati ya vidole kwa sababu mkono mmoja haujioshi wenyewe. Sikumpangia kazi. Nilikula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Nilikuwa nalia kidogo, na safari hii sikuwa na sabuni usoni ya kusingizia.

Taban alipita walipokuwa wanamalizia kona ya kijitoni. Alisimama kwenye mpaka, mikono nyuma, akaitazama ile mistari iliyopinda kuanzia juu mpaka chini.

"Naona halijalala," akaniambia.

"Halijalala," nikamjibu.

Akachuma jani la majani marefu, akaweka mdomoni, akaendelea na safari yake. Kwa kaka yangu hayo ni mazungumzo marefu. Nadhani kwa wazee atasema yanayotosha.

Walipoondoka ilikuwa karibu saa tisa na mawingu yameshuka. Mama Esta alibaki nyuma kusubiri bakuli lake. Niliingia ndani, nikaliosha, nikalikausha kwa khanga. Gunia la maharage liko palepale nyuma ya mlango. Sijui mkono wangu ulifanyaje, maana nilipojitazama bakuli lilikuwa limejaa maharage, na nilikuwa natafuta nafasi juu yake ya kuweka sabuni.

Nikasimama. Nikayamimina yote tena ndani ya gunia. Yalitoa sauti, na nina hakika aliisikia kule nje.

Kwenye kamba juu ya jiko kuna vitunguu. Nikachukua vitatu, vya wastani. Nikavitia ndani ya bakuli, vikawa vinabingirika chini kabisa huku na huku. Nimewahi kuona aibu maishani, lakini kutoka mlangoni na bakuli lenye vitunguu vitatu, kumpa mwanamke aliyenilimia tangu asubuhi na goti bovu, hiyo ilikuwa safari ndefu kwangu kuliko ya kutoka Arua.

Mama Esta alipokea. Akainamisha uso akatazama ndani.

"Tatu?"

"Tatu."

Akalitikisa bakuli, vitunguu vikagonga bati. Halafu akacheka. Sikuwahi kumwona Mama Esta akicheka na mwili mzima, amejishika goti. Akajitwika bakuli kichwani kama kofia ya mvua, vitunguu amevifunga kwenye ncha ya kitambaa, akaanza kuondoka. Alipofika kwenye muhogo wa mwisho akageuka.

"Jumatano naleta kunde!"

"Lete!" nikapiga kelele. "Mimi iko na njaa!"

Mvua ikaanza.

Kidole gumba kimechoka. Kwenye kamba juu ya jiko vitunguu bado ni vingi, na huu mkono wa kushoto haujaacha kuniwasha, unataka kukimbia nyuma ya Mama Esta na cha nne. Naweka simu chini, naukalia.